Mahindi Ndani ya Soya

Kwa miaka miwili Marlys Eilers alikuwa na jibu moja, na alilipenda jibu lile kama wengine wanavyopenda gari jipya. Ukimwuliza binti yake Janelle anasomea nini huko chuo kikuu, aliweka chini alichoshika, akajifuta mikono kwenye aproni, ndipo akasema: "Primedi."

Neno lenyewe ni kifupisho tu cha matayarisho ya udaktari. Lakini Marlys alilitamka kama cheo, na mahali alipolitamka mara nyingi ni chini ya kanisa la Walutheri la Hartsel, Iowa, kwenye ukumbi ule wa meza za kukunja. Kila wakizika mtu, wanawake huandaa chakula humo: mikate yenye nyama ya nguruwe, saladi ya viazi, keki za limau zilizokatwa vipande. Na kila wakizika mtu, Verla Hinrichs alikuja na sahani yake na swali lake.

"Janelle bado yuko na hiyo primedi?"

"Bado, Verla. Udaktari hauivi kwa nusu saa kama hizi keki zako."

"Ah, mimi nauliza tu, shoga. Maana wengi huanza."

"Wengi si wangu."

Ndivyo alivyokuwa. Miaka hamsini na mitatu, mfupi, mabega mapana, na mdomo ambao mumewe Delwin aliwahi kusema ungeweza kuchonga mbao. Miaka ishirini na saba alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee ya Hartsel. Aliwageuza wazee vitandani, aliwaosha, aliwalisha, aliwafunga vifungo vya mashati. Alijua nani atakufa wiki ile kabla muuguzi hajajua, na muuguzi alikuwa anamwita pembeni kumwuliza, kisha anakwenda kuandika kwenye faili jina lake mwenyewe.

Uuguzi ndio alioutaka tangu akiwa na miaka kumi na minane. Baba yake akasema nafasi ya kusoma ni ya kaka yake. Kaka akaenda, akakaa mwaka mmoja, akarudi na masharubu. Hasira ya siku ile haikupoa hata kidogo. Marlys aliifunika tu, kama unavyofunika sufuria, akaendelea na kazi.

Kwa hiyo Janelle aliposema anataka kuwa daktari, mama yake hakuuliza mara mbili. Tena haikuwa ndoto ya kitoto. Tangu ana miaka tisa, nguruwe jike akikwama na uzazi, Delwin alikuwa anamwita Janelle, kwa sababu mkono wake ni mdogo na hautetemeki. Alikuwa analala kifudifudi kwenye majani makavu, mkono umeingia mpaka kwenye kiwiko, macho ameyafumba, anatafuta mguu wa mtoto. Na alipokuwa na miaka kumi na minne, hospitali ya wilaya ikiwa imeshafunga wodi ya wazazi, mke wa jirani alishikwa na uchungu safari ikiwa bado ndefu. Janelle, ambaye alikuwa pale kulea watoto wa nyumba ile, akapanda naye kiti cha nyuma. Mtoto alizaliwa katikati ya mashamba, maili kumi na nane kabla ya kufika, akapokelewa na mikono iliyozoea vitoto vya nguruwe. Yuko darasa la kwanza sasa. Ana kelele kuliko ndugu zake wote.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tatu Janelle akaja nyumbani bila kutoa taarifa. Marlys alikuwa jikoni, viazi viko motoni. Delwin yuko mezani anasoma karatasi za mbegu.

"Mama, kaa kwanza."

"Nikikaa viazi vitaungua. Sema."

"Hakuna kitu kinachoitwa primedi."

Marlys akageuka, mwiko mkononi. "Unasemaje?"

"Hakuna shahada ya jina hilo, mama. Ni neno tu. Ni kama mtu kusema anakwenda mjini. Hajasema anakwenda na gari gani."

"Miaka miwili nimewaambia watu unasomea kitu ambacho hakipo?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unanisikia."

"Na mimi nilidhani ni shahada, imo ndani ya baiolojia! Wote tulioingia baiolojia tulidhani hivyo. Nimejua wiki hii."

Akatoa karatasi kwenye mkoba, akailaza mezani. Ilikuwa fomu. Ijumaa ndiyo mwisho wa kuirudisha, na ndani yake kila mwanafunzi wa mwaka wa pili lazima ataje shahada anayoichukua. Kwenye nafasi ya shahada mtu alikuwa ameshaandika kwa penseli, mwandiko mzuri wa kulala: Uongozi wa Huduma za Afya.

"Huu si mwandiko wako," Marlys akasema.

"Ni wa Bwana Loomis. Mshauri wetu wa masomo."

"Na hiyo ni kazi gani?"

"Ya ofisini. Hospitalini, lakini ofisini."

"Kufanya nini?"

"Kuwaambia madaktari bajeti imekwisha."

Delwin akacheka. Alicheka peke yake, akarudi kwenye mbegu zake.

Habari yote ikatoka pale, kipande kipande. Janelle alikuwa amepata C kwenye kemia ya kaboni. Masomo mengine alikuwa sawa, lakini ile C ilitosha. Idara ya baiolojia ina kamati, na kamati ndiyo inayoandika barua ya kumpeleka mwanafunzi kwenye vyuo vya udaktari. Bwana Loomis alimwambia kwa upole kwamba mwenye C ya kemia ya kaboni kamati haitamwandikia, na mtu wa baiolojia akiomba bila barua ya kamati yake, vyuo vitauliza ana kasoro gani. Kwa hiyo ni busara abadilishe mapema. Ndipo akashika penseli.

"Na wewe ukakubali?"

"Sijatia sahihi." Janelle akavuta pumzi. "Nilikuwa nafikiria jambo lingine. Sayansi ya mifugo. Nimechukua madarasa mawili kule, yote nimepata A. Yule mwalimu wa uzazi wa wanyama..."

"Mifugo?"

"Mama, nisikilize..."

"Nguruwe? Unataka kusomea nguruwe? Nguruwe wako pale nje, Janelle, mia nne! Fungua dirisha uwasikie! Nimewafuta wazee wa watu miaka ishirini na saba ili wewe uende ukasome, urudi ulikotoka? Nimwambie nini Verla Hinrichs?"

"Sisomi kwa ajili ya Verla."

"Marlys," Delwin akasema, "mwache mtoto apumue."

"Wewe nyamaza na mbegu zako! Ni baiolojia, au si kitu! Utarudi kwa huyo Loomis, utamwambia ni baiolojia, na hiyo kemia utairudia mpaka iingie!"

"Kamati haitaniandikia, mama. Mara ngapi?"

Viazi vikaungua. Hakuna aliyekwenda kuvitoa. Janelle akaikunja fomu, akasema kwa sauti ndogo, "Basi nitatia sahihi hiyo ya ofisini. Labda wanaona kitu ambacho sisi hatukioni."

Hiyo ndiyo iliyomkata Marlys maini. Kelele za Janelle alizizoea. Ni kelele zake mwenyewe, alimrithisha. Lakini sauti ile ndogo aliijua kutoka kazini. Ni sauti ya mzee anayesema msimwite mwanangu, ana shughuli zake.

"Hutii sahihi kitu," akasema. "Jumatatu tunakwenda wote."

"Mama, wazazi hawaendi kule! Nina miaka ishirini!"

"Basi watashangaa."

Jumatatu walipanda pikapu ya Delwin, maili tisini, Marlys kavaa viatu vya kanisani.  Mashamba yalikuwa meusi, hayajapandwa, na kila walipopita ghala la nafaka Marlys aliliangalia kama limemkosea.

Bwana Loomis alikuwa mtu wa miaka arobaini, sweta safi, na juu ya meza yake bakuli la peremende. Alimpa Marlys mkono kwa adabu.

"Mama Eilers. Karibu. Si kawaida kuwaona wazazi..."

"Najua. Endelea."

Akaendelea. Alisema Janelle ni msichana mwema, ana bidii, ana moyo. Marlys akaona anasifiwa binti yake vile wanavyosifiwa marehemu.

"Unajua, mama, hii kemia ya kaboni ni darasa la kupalilia. Hata sisi wenyewe tunaliita hivyo. Wanaingia mia nne, wanatoka mia na hamsini. Si kosa la mtu."

"Ni darasa la nini?"

"La kupalilia. Yaani..."

"Kupalilia nakujua. Nimepalilia soya tangu nina miaka minane, mstari kwa mstari, jua la mwezi wa saba, na kijembe mkononi. Nakuuliza wewe. Ukipalilia unang'oa nini?"

"Ni msemo tu, mama."

"Unang'oa nini?"

Bwana Loomis akaangalia peremende. "Magugu."

"Ahaa. Kwa hiyo binti yangu ni gugu. Na umemwekea peremende."

"Mama," Janelle akasema chini chini.

"Ngoja. Wewe bwana umewahi kupalilia?"

"Hapana. Nimekulia Chicago."

"Naona. Maana aliyewahi kupalilia hawezi kupanda mia nne akiwa amekusudia kung'oa mia mbili na hamsini. Sisi tunapanda tunachotaka kuvuna. Gugu hatulipandi, linakuja lenyewe. Huko kwetu mtu wa kilimo chako angenyang'anywa shamba."

Bwana Loomis akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema angependa wazungumze kwa utulivu. Marlys akasema yeye ametulia, akikasirika ataambiwa. Halafu akauliza swali ambalo lilimkaa kooni maili zote tisini.

"Hivyo vyuo vya udaktari vinataka shahada gani?"

"Kwa kweli..." Bwana Loomis akasita. "Havitaki shahada maalumu. Vinataka masomo fulani. Kemia, hiyo ya kaboni ikiwemo, baiolojia, fizikia, hesabu kidogo, Kiingereza. Na mtihani wao. Ukiwa na hayo, shahada ni yoyote."

"Yoyote."

"Yoyote, ndiyo."

"Hata mifugo."

"Hata muziki. Tunaye kijana mmoja hapa..."

"Preston," Janelle akasema. Alikuwa ameinua kichwa. "Preston anasomea tarumbeta. Mimi siku zote nilidhani ameshaacha udaktari."

"Hajaacha. Baba yake ni daktari wa upasuaji. Alimshauri mapema tu, achukue anachokipenda na anachokiweza, masomo yanayodaiwa ayachomeke pembeni."

 Marlys akasogeza kiti mbele.

"Kwa hiyo mtoto wa daktari ameambiwa na baba yake mezani, huku anakula. Na wangu nani alimwambia?"

"Taarifa ipo kwenye tovuti yetu, mama."

"Kwenye tovuti! Ungeitundika kwenye ghala la nafaka ningeiona! Ungeiweka kwenye karatasi ya kanisa! Miaka miwili, bwana. Miwili mtoto huyu amekuja kuketi kwenye kiti hiki, na wewe unajua, na unamtazama anavyoingia kwenye shimo ambalo hakulazimika kuliingia kwa njia ile, na siku anakwama unashika penseli?"

"Nina wanafunzi mia tatu na ishirini, Mama Eilers."

"Mimi nina wazee thelathini na mmoja, na kila mmoja najua anakunywa kahawa na nini."

Pale Bwana Loomis akajitetea kwa kitu ambacho angekiacha tu. Alisema ni lazima kamati iwe makini, kwa sababu idara ina sifa yake. Kati ya kila wanafunzi mia wanaoandikiwa barua, tisini huingia udaktari. Alisema tisini kwa fahari kabisa.

 Marlys akacheka, na Janelle akafumba macho, maana kicheko kile alikijua.

"Wewe hujawahi kwenda kwenye maonyesho ya wilaya, sivyo? Kila mwezi wa nane tunapeleka nguruwe. Mume wangu anapeleka sita, anapata utepe mmoja wa ushindi, mwaka mzuri mbili. Jirani yetu mmoja anapeleka mmoja tu, yule aliyekwisha kumpima na kumpima tena nyumbani, na kila mwaka anarudi na utepe. Na kila mwaka anatuambia nguruwe wake wote hushinda. Wote! Tunamcheka mpaka kesho. Hatukujua kwamba angeweza kuja huku akapewa ofisi."

Hapo ndipo Janelle alipofungua mdomo, na hakumwangalia mama yake.

"Bwana Loomis. Mtu akiwa idara ya mifugo, anaihitaji barua ya kamati yenu?"

"Hapana. Kule hawana kamati. Mwalimu anayemfahamu mwanafunzi anaandika mwenyewe."

"Na hii C?"

"Ungerudia likizo ya kiangazi. Sehemu ya pili ya kemia hiyo ungehitaji kufanya vizuri zaidi. Vyuo huangalia kama mtu anapanda au anashuka." Akakohoa. "Sitakudanganya, Janelle. Itakuwa ngumu."

"Sikukuuliza kama ni ngumu."

Marlys akageuza shingo kumtazama binti yake. Sauti ile ndogo ya Jumamosi haikuwepo tena.

Wakatoka. Janelle alichukua peremende moja njiani, kwa hasira.

Walikaa ndani ya pikapu kwenye uwanja wa magari, vioo vimefungwa, wakafungua mikate. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mazizi ya chuo, mabati mekundu, na harufu ilikuwa inaingia hata kioo kikiwa kimefungwa. Marlys hakula. Alishika mkate kama anataka kuukaba.

"Nimekasirika," akasema.

"Najua, mama. Jengo zima linajua."

"Wanaitana wao kwa wao. Wanaambiana mezani. Sisi tunaachiwa neno zuri la kusema kanisani. Primedi! Nimelisema mara mia. Na yule Verla, Mungu anisamehe, alikuwa anakaribia kusema kweli."

Janelle alitafuna kwanza. Akasema, huku anaangalia mazizi, "Unakumbuka ulivyonifokea kwa ajili ya mahindi?"

"Mahindi gani?"

"Shamba la kaskazini. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa tunapalilia soya, mimi naruka mahindi siyang'oi."

Marlys alikumbuka. Kila mwaka zao la shamba likibadilishwa, punje zilizodondoka kwenye mavuno yaliyopita huota zenyewe katikati ya soya. Mahindi mazuri tu, marefu, ya kijani. Unayang'oa pamoja na mchicha pori na takataka nyingine zote.

"Uliacha mashina kumi na mawili," akasema. "Niliyahesabu."

"Yalikuwa mahindi, mama. Nilikuambia, baba si ndiyo anayoyapanda haya? Ukaniambia, kwenye soya ni gugu, ng'oa."

"Na ni gugu. Kwenye soya."

Alilisema, akasikia alichosema. Akautua mkate mapajani. Nje mwanafunzi mmoja aliyevaa mabuti alikuwa anavusha ndama barabarani, ndama hataki, mwanafunzi anamsukuma matakoni, na hakuna hata mpita njia aliyegeuka kutazama.

Jumamosi, jikoni kwake, na mwiko mkononi, yeye Marlys alikuwa amesema ni baiolojia au si kitu. Hakuhitaji penseli ya mtu. Alikuwa amekishika kijembe mwenyewe.

Hilo lilimkasirisha kuliko Loomis.  Halafu akauliza, na aliuliza kwa ukali maana hakuwa na namna nyingine ya kuuliza:

"Na kule ng'ambo, kwenye hayo mazizi, wewe ni nani?"

"Kule nina A," Janelle akasema. "Mwalimu ananiita kwa jina. Wiki iliyopita ng'ombe alikwama na uzazi, darasa zima limesimama, akasema nani mwenye mkono mdogo."

"Ukasema?"

"Sikusema. Nilivua koti."

Marlys akanyoosha mkono. "Leta hiyo fomu."

"Mama..."

"Leta!"

Fomu ikaja. Ile penseli ilikuwa palepale, mwandiko wa kulala, unapendeza. Marlys akapekua kwenye pikapu. Kulikuwa na koleo, risiti za dizeli, kofia mbili za kampuni ya mbegu, lakini kifutio hakuna. Akachana katikati ya mkate wake, ile sehemu laini isiyoguswa na nyama, akaifinyanga kwa vidole mpaka ikawa kidonge, akaanza kufuta. Bibi yake alifuta hivyo vitabu vya nyimbo kanisani. Uongozi ukaenda. Huduma zikaenda. Afya iligoma kidogo, akaisugua kwa nguvu mpaka karatasi ikachubuka. Akapuliza chembe, akamrudishia binti yake.

"Sasa tumia wino. Mtu asiweze kufuta tena. Hata mimi."

Janelle akaandika juu ya goti. Kalamu iligoma mara moja, akaikung'uta, akamaliza. Kisha akavuka barabara kwa miguu kwenda kuirudisha idara ya mifugo. Marlys alibaki na mkate usio na katikati, akamwona binti yake anapita karibu na yule ndama, anasimama, anamshika mkia mahali fulani, na ndama anatembea.

Baada ya wiki mbili wakamzika mzee mmoja wa nyumba ya wazee, mtu wa kahawa na sukari tatu. Ukumbi wa chini ya kanisa ulijaa. Verla akaja na sahani.

"Na Janelle? Bado primedi?"

Marlys akaweka chini birika. Akajifuta mikono.

"Anasomea mifugo."

Meza tatu zikageuka. Verla aliweka uma polepole, maana habari tamu huliwa bila haraka.

"Mifugo! Jamani! Kwa hiyo atatutibu sisi, au nguruwe wa Delwin?"

"Wewe, Verla, atakutibu bila kubadilisha vifaa."

Mtu mmoja alipaliwa na kahawa. Delwin, kule mwisho, akainamia sahani, mabega yanatikisika.

"Anakwenda udaktari," Marlys akasema, safari hii kwa sauti ya kufika ukutani. "Kwa njia ya mazizi. Kiangazi hiki anarudia kemia, na kama watamkataa, watamkataa akiwa amefika mlangoni, si kwa sababu mtu mwenye sweta alimng'oa njiani. Cheka ukimaliza kula."

Lakini Verla hakucheka. Alikuwa anazungusha kipande cha keki kwenye sahani, na uso wake umebadilika.

"Brooke," akasema. Ni mjukuu wake, amebakiza miezi miwili kumaliza sekondari. "Brooke naye anataka udaktari. Chuo kimeshataka aseme anasomea nini... tulisema ni primedi. Mama yake amekwisha kuwaambia watu."

Marlys alimtazama. Miaka miwili ya maswali ilikuwa imesimama kooni mwake, tamu kama asali, na angeweza kuitema yote pale pale mbele ya meza tatu. Mtu mwingine angefanya hivyo. Hata yeye alikwisha kufungua mdomo.

"Primedi haipo," akasema. "Leta kalamu."

"Haipo vipi?"

"Kalamu, Verla! Na kitambaa cha karatasi. Na usinikatize, maana nina hasira na wewe tangu juzi."

Akaandika akiwa amesimama, herufi kubwa kama za mtoto wa shule. Kemia, na ile ya kaboni. Baiolojia. Fizikia. Hesabu. Kiingereza. Mtihani wao. Chini akaandika: shahada, yoyote. Akalipigia mstari neno yoyote, akapiga wa pili, na wa pili ukapasua karatasi.

Verla alikisoma kile kitambaa, midomo ikicheza. "Nani alikwambia haya yote?"

"Hakuna, mpaka nilipokwenda kuuliza mwenyewe," Marlys akasema. "Ndiyo hiyo hasira yenyewe. Mwambie Brooke aje Jumamosi Janelle akiwepo. Na asije na viatu vyeupe, kuna nguruwe anakaribia kuzaa."